Wifi ya parseli: kufunga mlango si choyo

Zamani watu wa parseli moja waligombana juu ya bili ya SNEL, juu ya zamu ya kufagia na juu ya watoto. Siku hizi ugomvi umepata njia mpya: wifi. Hapa Lubumbashi, kuanzia Kamalondo mpaka Ruashi, parseli moja inaweza kuwa na nyumba tatu ao ine, mwenye parseli mbele na walokatere nyuma, na kati yao mmoja tu njo alinunua ruta na anailipia kila mwezi. Tangu Mei 2025, wakati ARPTC ilipoipa Starlink ruhusa ya kufanya kazi katika nchi yetu, sahani nyeupe nazo zimeanza kuonekana juu ya mabati, na jirani anayeiona moja anajua mara moja kwamba hapa kuna intaneti.

Mwenye kulipa akifunga, wanasema: « Uyu iko na roho mubaya. » Akiacha wazi, mega zinaisha tarehe 12, na mtoto wake wa chuo kikuu anashindwa kutuma kazi ambayo profesa anaingojea. Sisi tunasema wazi: kufunga wifi si roho mbaya. Anayetaka kumpa jirani ampe, tena ni vizuri. Lakini kutoa ni jambo moja, kuacha mlango wazi ni jambo lingine.

Watu wengi wanalinganisha wifi na robine ya REGIDESO. Wanasema: maji tunapeana, juu ya nini tusipeane intaneti? Lakini jirani anayekuja kuchota maji anakuja na bido yake mkononi. Unamuona, anakusalimia, unajua amejaza bido mbili ao kumi. Mwenye kuchota wifi hana bido. Amekaa kwake, amefunga mlango, anaangalia mechi, na mawimbi yanapita katika ukuta wa matofali ya kuchoma bila shida. Unajua tu pale simu yako inapoanza kuzunguka, unasema « rezo ni mubaya leo », unaishutumu kampuni ya bure. (Kwa Kiswahili wifi ni dada ya mume, naye pia anaingia kwa kaka yake bila kupiga hodi. Lakini huyo angalau unamtambua.)

Na kama ingekuwa ni mega peke yake, tusingeandika. Mtu aliye ndani ya wifi yako yuko ndani ya nyumba. Anaweza kufikia mashine ya kuchapa, kamera uliyoweka ku mlango, kompyuta ambayo umeiacha wazi. Anaweza kufungua ukurasa wa ruta yenyewe, kama hukubadilisha neno lake la siri, na kuelekeza simu zote za nyumba kwenye kurasa za uongo zinazofanana na zile mnazozijua. Na kama anatumia mtandao wako kumtukana mtu, kumtisha ao kumwibia pesa, wachunguzi wataanza kwa yule ambaye jina lake liko kwenye mkataba. Ordonnance-loi nambari 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, ile tunayoiita Code du numérique, inamwadhibu anayeingia bila haki katika mfumo wa kompyuta wa mtu mwingine. Sheria iko upande wako. Lakini mpaka ueleze kwamba si wewe, utakuwa umeisha kukaa kwenye benchi nusu siku.

Sasa tuje ku kasoro ambayo ni yetu wenyewe, watu wa hapa: tunaweka nambari ya simu kuwa mot de passe. Fundi anauliza, « Tutie nini? », na mwenye nyumba anajibu bila kufikiri, « Tia nambari yangu, sitaisahau. » Hatasahau kweli. Lakini hata jirani hatasahau, kwa sababu nambari hiyo anayo ndani ya simu yake tangu siku ya matanga ya mwaka jana. Na hata yule asiyeijua hapati kazi kubwa. Nambari zetu zinaanza kwa 081, 082, 097, 099 na nyingine chache ambazo kila mtu anazijua. Nyuma yake zinabaki tarakimu saba tu, maana yake uwezekano milioni 10 kwa kila mwanzo. Kwa mtu ni mingi. Kwa kompyuta si kitu: mwenye ujanja ananasa mawimbi wakati simu yako inaposalimiana na ruta, anaenda nayo kwake, na mashine inajaribu nambari moja moja bila kukugusa tena. Siku haiishi, ameipata. Jina la mtoto na mwaka wa kuzaliwa ni vilevile. Jina la kanisa pia.

Neno la siri la wifi linaruhusiwa kuwa na herufi 8 mpaka 63, basi tutumie nafasi hiyo. Maneno ine ao tano yasiyohusiana, yaliyofuatana, kwa lugha yoyote: Kiswahili kidogo, Kibemba kidogo, Tshiluba, jina la chakula, jina la chombo. Mtoto wa miaka kumi atalishika, na kompyuta italia machozi. Liandikwe kwenye karatasi, karatasi ikae kabatini. Wengine wanaogopa kuandika. Sisi hatuoni ubaya, mwizi wa wifi haingii chumbani kufungua kabati.

Kiisha, kuna mlango wa pili ambao watu wengi hawaujui. Ruta ina maneno mawili ya siri: moja ya kuingia katika wifi, na moja ya kuingia katika ruta yenyewe, ku ukurasa wa mipangilio. Hilo la pili mara nyingi ni « admin » tu, ao limechapwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya chombo. Mgeni anaketi, anaigeuza ruta kama anayeshangaa uzuri wake, anapiga picha, kwisha. Badilisha yote mawili. Ukiwa kwenye ukurasa huo, angalia aina ya ulinzi: iwe WPA2 ao WPA3. Ukiona WEP, ujue kufuli hiyo ilivunjwa na wataalamu tangu 2001. Ruta isiyojua ila hiyo ni ya kutupa. Zima pia WPS, ile inayoruhusu kuingia kwa kibonyezo ao kwa nambari ya tarakimu nane. Mwishoni mwa 2011 Stefan Viehböck alionyesha kwamba ruta inakagua nambari hiyo kwa vipande viwili, na kwa hiyo anayebahatisha hana kazi ya kujaribu mara milioni 100, bali mara 11 000 tu. Neno lako la siri linaweza kuwa refu kama njia ya Likasi. WPS ikibaki wazi, umefunga mlango wa mbele na kuacha dirisha.

Kuna dawa mbili ambazo mafundi wa kartye wanapenda kuuza, na sisi hatuziamini. Ya kwanza ni kuficha jina la wifi. Jina linafichika kwenye orodha ya simu za kawaida, lakini anayetafuta na programu ya bure analiona. Ya pili ni kuandikisha simu moja moja kwa anwani yake ya MAC. Anwani hiyo inaigwa, na simu mpya zinaibadilisha zenyewe, basi utashinda unasumbuka na simu ya bibi yako mwenyewe wakati jirani anapita.

Ukidhani mtu ameisha kuingia, fungua ukurasa wa ruta na uhesabu vyombo vilivyounganishwa. Zima simu za nyumbani moja moja, uone zinazobaki. Lakini tafadhali, usitoke na orodha hiyo kwenda kumpigia mtu kelele ku mlango. Kuona « Tecno » kwenye orodha si ushahidi: nani hana Tecno? Badilisha neno la siri, wote watatoka, kiisha wape wako peke yao. Ni dakika tano, na hakuna aliyetukanwa.

Tuongeze kwamba mara mingi hakuna aliyevunja kitu. Neno la siri linatoka kwa upole. Mdogo wako anampa rafiki, rafiki anampa dada, na simu za leo zinaonyesha mraba wa kodi ya QR ambao mwingine anaupiga picha na kuingia bila hata kuuliza herufi. Ukiwakataza watoto, watatoa kwa siri. Afazali kuwapa kitu cha kutoa. Ruta nyingi zina wifi ya wageni, yenye jina lake na neno lake la siri, isiyofika kwenye vyombo vyako. Nyingine zinakuruhusu hata kuipunguzia kasi ao kuizima usiku. Hiyo njo ya jirani, ya shemeji aliyekuja toka Kolwezi, ya mwanafunzi wa nyumba ya nyuma wakati wa mitihani. Neno lake libadilishwe kila mwezi, na anayelitaka aje kuliomba. Akija, mnasalimiana, kama ku robine.

Na kama nyumba tatu zinataka kuchanga ili zilipe pamoja, zifanye hivyo mchana: nani anatoa kiasi gani, siku gani, nani anashika ukurasa wa ruta. Kwanza someni mkataba, maana kampuni nyingine zinakataza kuuza tena kwa majirani.

Neno letu la mwisho ni kwa wanaouza na kufunga vyombo hivi. Ruta ya Starlink, ikiwashwa mara ya kwanza, inatoa mtandao usio na neno la siri mpaka mtu auweke. Vyombo vingine vinakuja na neno la kiwandani. Na kila mara fundi anapobonyeza kile kitundu cha nyuma kwa sindano, eti « rezo irudi », mipangilio yote inarudi kama siku ya kutoka dukani, na mwenye nyumba hajui kwamba kufuli yake imetoka. Bwana fundi, usipokee pesa yako mbele ya kumkalisha mteja, yeye mwenyewe aandike maneno yake yote mawili, wewe ukiangalia upande mwingine.