Glutameti Haisubiri Gari la Wagonjwa

Mwulize mwanafunzi yeyote wa udaktari pale vimbwetani wiki ya UE, atakumwagia bila kusita: damu ikikatika kwenye ugwe wa uti wa mgongo, seli hukosa oksijeni na sukari, pampu zake zinazima, na glutameti inafurika nje. Glutameti ni asidi amino. Siku zote seli za neva huitumia kidogo kidogo kupeana taarifa. Ikizidi inageuka sumu. Inafungua milango ya seli, kalsiamu inaingia kwa fujo, seli inakufa. Glaisini, asidi amino nyingine, nayo huongezeka na kusaidia kuifungua milango hiyo hiyo. Tunajibu, tunapata maksi, tunasahau.

Mimi nasema somo hilo hatujalielewa mpaka tulifikishe Kibaigwa.

Kibaigwa ipo wilayani Kongwa, kwenye barabara kuu ya Morogoro–Dodoma, na soko lake la nafaka linajulikana nchi nzima. Pale kuna malori, mabasi ya mikoani, bodaboda, na vijana wanaopakia magunia ya mahindi juu ya shehena. Mtu akianguka kutoka juu ya lori, au gunia likimshukia shingoni, jeraha la kwanza hutokea kwa sekunde moja na hakuna wa kulirudisha nyuma. Ninalozungumzia ni la pili. Vimishipa vya damu vimechanika, ugwe unavimba, presha inashuka, damu haifiki. Glutameti inapanda ndani ya dakika, na uharibifu unaendelea kwa saa na siku.

Sasa tazama tunavyombeba majeruhi. Mmoja kashika kwapa, mwingine miguu, mgongo umepinda katikati. Au anawekwa mshikaki kwenye bodaboda, kabanwa kati ya dereva na msamaria. Siwalaumu hata kidogo. Wana huruma, ila hakuna aliyewafundisha. Wanaojua wamejaa hapa Dodoma, wanadesa.

Wapo watakaosema tusubiri dawa. Dawa za kuzuia glutameti zimejaribiwa miaka mingi. Kwa wanyama zilileta matumaini, kwa binadamu mambo yamekuwa magumu. Matokeo ya jaribio kubwa la riluzoli kwa walioumia uti wa mgongo yalichapishwa 2023, na lengo lake kuu halikufikiwa. Kinachobaki ni mambo ya kawaida kabisa: usimpinde, zuia damu isimwagike, presha isishuke, afike hospitali mapema.

Wengine watasema jamani, hiyo ni kazi ya serikali, magari ya wagonjwa yenyewe hayatoshi. Sawa. Lakini nchi hii hii imeshaonyesha njia. Kwenye mpango wa m-mama, mjamzito akipata dharura inapigwa 115, bure, na gari la wagonjwa likikosekana anatumwa dereva wa kawaida aliyesajiliwa, naye analipwa. Kama tumeweza kwa mama, tutashindwaje kwa mpakiaji wa magunia?

Tukisubiri hilo, serikali ya wanafunzi ianze na dogo. Hela ya bonanza moja ikodi basi. Wanafunzi wa udaktari na uuguzi, Jumamosi moja kila semista, waende kwenye vijiwe vya bodaboda na sokoni Kibaigwa wakafundishe mambo manne. Usimsogeze majeruhi kama hakuna moto wala gari linalokuja. Mmoja ashike kichwa na shingo, asiachie. Watu wanne wamgeuze kwa pamoja, kama gogo. Alale chali juu ya kitu kigumu: ubao, benchi, hata mlango uliong'olewa.

Hayo hayahitaji maabara. Yanahitaji asubuhi moja na mtu wa kulala chini ajifanye majeruhi. Basi likipatikana, mimi nitalala chini.