Shemeji arudi kinyumenyume ziwani

KUTOKA KASENSE na Mzee Kizibao

Shemeji yangu ni yule yule. Wasomaji wa siku nyingi mnamfahamu: ndiye aliyenunua mavazi ya kurina asali kabla hajawa na mzinga hata mmoja. Safari hii kanunua miwani ya majini, kofia ya mpira na ubao wa kuogelea. Ana miaka arobaini na kitu. Kasikia kwamba mita 50 za mtindo huru ndizo mbio fupi kuliko zote kwenye bwawa la Olimpiki, akasema fupi ndiyo saizi yake.

Jumamosi tukashuka Kasanga. Ukitoka huku kwetu uwandani, kwenye baridi la mita 1,800 hivi, unapita Matai, unateremka hadi masikio yanaziba, na ukifika Tanganyika sweta limeshakuwa adhabu. Mimi kizibao sikuvua, msiniulize tena. Wavuvi wakatuonyesha pa kuogelea (usiingie ziwa lile bila kuwauliza, mamba hawasomi safu hii). Shemeji akashika ubao, akajilaza, akaanza kutupa mateke. Maji yakaruka hadi kwenye mitumbwi. Ubao ukabaki pale pale. Halafu, naapa, ukaanza kurudi nyuma.

Wajuzi wa ufukweni hawakosekani. "Piga miguu!" wakapaza. "Ongeza nguvu!" Mmoja aliyejitangaza kuwa kocha, suruali imekunjwa hadi magotini na maji hajayagusa, akawa anapiga makofi. Walivyozidi kupaza ndivyo shemeji alivyozidi kurudi. Akatoka anahema, akanivuta pembeni, akanong'ona: "Shemeji, mimi nimefanyiwa kitu."

Kwani mlitarajia nini? Sumbawanga hii. Ng'ombe akikosa maziwa, kuna jirani. Pikipiki ikikataa kuwaka, kuna jirani. Kura zisipotosha, majirani wako wawili. Sasa na mtu akishindwa kuogelea atafutwe jirani!

Hakuna mchawi pale. Kuna kifundo cha mguu. Shemeji kaendesha baiskeli tangu utotoni, kakimbia mchakamchaka shuleni, kapanda vilima na magunia ya mahindi. Kifundo chake kimekaza, hakinyooki. Akilala majini, unyayo unabaki umekunjwa vile vile kama amesimama nchi kavu, vidole vinatazama chini, na kila teke linakuwa koleo la kuchota maji na kuyatupa mbele. Maji yakienda mbele, mtu anakwenda nyuma. Akiongeza nguvu, anarudi kwa kasi zaidi. Hilo ndilo somo alilokuwa anapewa na yule kocha wa makofi.

Halafu kuna magoti. Shemeji alikuwa anakanyaga pedeli mle majini, magoti yanapanda hadi tumboni. Teke la mbio linaanzia nyongani. Paja linatangulia, goti linalegea kidogo tu, kifundo kinafuata kikiwa hakina ubishi, vidole vimeelekea nyuma na kuingia ndani kidogo. Mateke yawe madogo na ya haraka, visigino vichungulie tu juu ya maji. Waogeleaji wa mita 50 hupiga mateke sita kwa kila mzunguko wa mikono yote miwili. Na mguu unaopanda nao una kazi, si ule unaoshuka peke yake. Povu ni hewa, na hewa haisukumi mtu.

Kilichoniudhi kuliko yote ni hiki. Hatua chache kutoka pale, mtoto kakumbatia dumu la njano, anakata maji kimya, miguu haionekani. Nikamwambia shemeji, mtazame yule. Akanijibu kwamba mtu mzima hafundishwi na mtoto asiye na hata kaptula. Bora mganga!

Kisha akaleta kisingizio cha umri. Huo nao ni uongo. Anthony Ervin wa Marekani alichukua dhahabu ya mita 50 huko Rio mwaka 2016 akiwa na miaka 35, kwa sekunde 21.40, katika mbio zile zile alizotuwakilisha Hilal Hilal. Dara Torres alikuwa na miaka 41 kule Beijing mwaka 2008, akaikosa dhahabu ya wanawake kwa moja ya mia ya sekunde. Bibi mzima! Na Sophia Latiff alipotuwakilisha Paris mwaka 2024 katika umbali huo huo, sikusikia kwamba alipitia kwa mganga.

Anayetaka kupona aanzie nyumbani. Jioni piga magoti mkekani, kalia visigino, taratibu, mpaka kifundo kizoee kunyooka. Kikiuma sana, inuka. Ukiwa majini, piga vipande vifupi kisha pumzika, maana mapaja ni misuli mikubwa na yanakula pumzi kabla mikono haijaanza kazi. Mwenye mapezi mafupi ayavae, yatakifundisha kifundo kulegea. Ubao ukianza kwenda mbele, hata kwa mwendo wa kinyonga, ndipo uongeze kasi. Kabla ya hapo, nguvu haina faida yoyote.

Nanyi mnaopaza "piga miguu" ufukweni mkiwa wakavu: nyamazeni, au ingieni majini.