Kisu Kisitangulie Vipimo

Sensa ya mwaka wa 2019 ilikuwa ya kwanza kuwahesabu mahuntha nchini Kenya, na ilipata watu 1,524. Miaka mitatu baadaye, Sheria ya Watoto ya 2022 ilipiga marufuku kubadilisha au kuondoa kiungo cha mtoto huntha pasipo ushauri wa mtaalamu wa jenetiki. Wapo wanaolalamika kwamba sheria hiyo inamfunga daktari mikono ilhali saratani haingoji. Lalamiko hilo lina chembe ya ukweli, lakini ni chembe tu.

Tuchukue mfano wa wasichana wawili wa shule moja ya upili huko Mwea, wenye umri wa miaka 16, ambao hawajapata hedhi. Wote wawili wana kromosomu za XY, ambazo vitabu vya biolojia hutuambia ni za wanaume. Wa kwanza ana mji wa mimba, ila hajaota matiti. Tezi zake za uzazi hazikukua, zimebaki mithili ya utepe. Tezi za namna hiyo, zikiwa na kromosomu ya Y, huweza kufanya uvimbe hata utotoni, na madaktari hushauri ziondolewe mara zigunduliwapo. Wa pili ameota matiti, lakini hana mji wa mimba. Ana korodani zilizojificha ndani, na mwili wake hauitikii homoni za kiume. Kwake hatari ya saratani kabla ya kubalehe ni ndogo mno, na tezi hizo hizo ndizo zilizomkuza. Angalikatwa mapema, angalitegemea dawa za homoni tangu utotoni.

Basi hofu moja haiwezi kuwapimia wote wawili. Kinachowatenganisha ni vipimo, na hapo ndipo sheria yetu inapopwaya. Imemtaja mtaalamu, haikumleta Kimbimbi wala Kerugoya. Mzazi anayesubiri malipo ya mpunga hutakiwa kumfuata Nairobi, kilomita zipatazo 100 kutoka Wang'uru. Wengi huahirisha, na anayeumia zaidi ni yule msichana wa kwanza.

Damu husafiri kwa nauli ndogo kuliko mgonjwa. Serikali ya Kaunti ya Kirinyaga yaweza kugharimia usafirishaji wa sampuli na malipo ya maabara. Nao walimu, wamwonapo msichana wa miaka 16 asiyepata hedhi, wamwambie mzazi faraghani ampeleke hospitali, si kwa mganga wala kwa mhubiri.