ANAYEMCHANGANYA MTOTO SI BIBI YAKE

Bibi anatoka Bukoba kuja mjini kumwona mjukuu. Hata kikapu cha ndizi hajakitua, anapewa masharti: asimsemeshe mtoto Kihaya, atamchanganya! Nyumba ya pili ni yale yale, ila huko hata Kiswahili kimepigwa marufuku. Mtoto wa miaka mitatu anatakiwa aongee Kiingereza tu, na dada wa kazi asiyekijua anaambiwa afunge mdomo.

Sisi tunasema huu ni uzushi. Tena ni uzushi wa kuletwa. Mwaka 1923 mtaalamu D. J. Saer alitangaza matokeo ya kuwapima akili watoto wa Wales, huko Uingereza. Vijijini, waliojua Kiwelisi na Kiingereza walipata alama za chini kuliko waliojua Kiingereza peke yake. Basi ikasemwa lugha mbili zinavuruga kichwa. Lakini mijini tofauti hiyo haikuonekana, na hali ya maisha ya watoto hao haikupimwa sawasawa. Hata mpiga debe wa Manzese angeuliza: ni lugha au ni umaskini?

Mwaka 1962 Elizabeth Peal na Wallace Lambert waliwapima watoto wa miaka kumi mjini Montreal, Kanada, wakijitahidi kulinganisha wenye hali moja ya maisha. Wenye Kifaransa na Kiingereza wakawapita wenzao wa lugha moja. Hatusemi lugha mbili zinaongeza akili. Wataalamu wanabishana juu ya hilo hadi leo. Tunasema huko kuchanganyikiwa hakukuonekana.

Mtoto akisema "Mama, nataka amaizi" watu wanashtuka. Wa nini? Amekosa neno huku, ameliazima kule. Sisi vijiweni tunachanganya Kiswahili na Kiingereza kutwa nzima na hakuna anayetupeleka Mirembe. Ni kweli mtoto wa lugha mbili anaweza kuwa na maneno machache kidogo katika kila lugha akilinganishwa na wa lugha moja. Jumlisha za pande zote mbili uone kama amepungukiwa. Hata kichanga cha siku chache hutofautisha lugha zenye mapigo tofauti kwa kusikiliza tu.

Sasa tuzungumze mchanganyo wa kweli, ule ambao wakubwa hawapendi utajwe. Wewe kijana uliyesoma shule ya kata unaujua. Miaka saba umefundishwa kwa Kiswahili, unaingia kidato cha kwanza unakuta hesabu, historia, baiolojia, vyote vimegeuka Kiingereza. Unanakili ubaoni usichokielewa. Mwalimu akikuonea huruma anafafanua kwa Kiswahili, nusu kwa kujificha. Mtihani unakuja kwa Kiingereza, unafeli, unaambiwa huna akili.

Kujifunza lugha ni jambo moja. Kufundishwa kila kitu kwa lugha ambayo hujafundishwa ikakuingia ni jambo jingine kabisa. Kiingereza tunakitaka, tena kifundishwe vizuri na mapema, na mwalimu anayekijua.

Na serikali haiwezi kusema haikuambiwa. Tume ya Makwetta ilipendekeza mwaka 1982 Kiswahili kifundishie sekondari, likakataliwa. Mwaka 1984 Waingereza wenyewe, Criper na Dodd, walikagua wakakuta Kiingereza cha wanafunzi wetu ni duni mno kubeba masomo. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ikaandika kwamba Kiswahili kitafundishia ngazi zote. Sekondari bado ni Kiingereza. Vigogo hawana presha, watoto wao walianza nacho chekechea kwa ada ambayo mlalahoi haioni hata ndotoni.

Wizara itujibu waziwazi: ahadi ile ya 2014 iliishia kabati gani, na nani ana ufunguo?