Mkanda mweusi hauzuii panga

Kila likitokea tukio la kutisha vijijini, iwe wakulima na wafugaji wamekatana mapanga mashambani au dereva wa bodaboda kaporwa pikipiki usiku, hakosi mtu wa kusema vijana wafundishwe karate. Nia ni njema. Ila kwa mkazi wa Kilimarondo, kusini mwa Tanzania, mbali na Nachingwea mjini, jina la mchezo halimsaidii kitu. Apime mambo mawili: kama anayefundishwa amewahi kuujaribu ujuzi wake kwa mtu asiyekubali kushindwa, na kama ujuzi huo unahusiana na hatari anayoishi nayo.

Kuhusu la kwanza, ushahidi ni wa siku nyingi. Jigoro Kano alipoanzisha judo huko Japani mwaka 1882, mbinu za kuvunja viungo na kuua aliziweka kando ya mazoezi ya kushindana, akabakiza zile ambazo wanafunzi wangeweza kufanyiana kwa nguvu zote na kesho wakarudi mazoezini. Matokeo yake yanashangaza: mchezo uliopunguziwa makali ukatoa watu wanaoweza kumwangusha mtu kweli, kwa sababu walikuwa wakiangushana kila siku. Vijana wa Zanzibar waliofundishwa judo na Mjapani Tsuyoshi Shimaoka walipitia njia hiyohiyo. Ndondi na mieleka nazo ziko hivyo. Mwaka 1993, katika mashindano ya kwanza ya mapigano ya UFC mjini Denver, Marekani, Royce Gracie, ambaye hakuwa na mwili mkubwa, aliwashinda wenye mitindo mingine kwa mikabo aliyozoea kuifanya kwa wapinzani wanaokataa. Karate ya kupigana na mwenzako inafaa pia. Karate ya kupiga hewa kwa miaka mitatu na kutunukiwa mkanda ni mazoezi mazuri ya viungo, basi.

Hata hivyo, ulingo una mwamuzi, mpinzani mmoja na mikono mitupu. Njia ya porini kati ya Nachingwea na Ruangwa haina hata kimoja kati ya hivyo. Ukimkumbatia mtu chini kama Gracie, mwenzake atakukanyaga kichwa. Mwenye panga hapokonywi kwa mbinu za sinema. Anayekwambia anaweza kukufundisha hilo kwa wiki moja anakuuzia jeneza. Hapo kinachookoa ni umbali, mbio, mayowe, na kuiachia pikipiki iende. Sheria nayo ina mipaka: Kanuni ya Adhabu inakupa haki ya kujihami, lakini kwa nguvu ya kadiri inayohitajika. Kumfukuza mwizi aliyekwisha kukimbia na kumpiga hadi afe si kujihami.

La pili, yaani hatari anayoishi nayo mtu, ndilo linalosahaulika zaidi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 40 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini wamewahi kupigwa au kuumizwa tangu wafikishe miaka 15, na kwa walioolewa mtendaji anayetajwa sana ni mume au mwenza. Hatari hiyo iko nyumbani; ni ukumbi gani wa karate unaomfundisha msichana kumkatalia shemeji? Kwenye vitongoji duni vya Nairobi, wasichana wa sekondari walipewa mafunzo ya vipindi sita vya saa mbili mbili: kutambua hatari mapema, kukataa kwa sauti, na hatimaye kupiga sehemu dhaifu na kukimbia. Katika matokeo yaliyochapishwa 2013, waliosema wamebakwa ndani ya mwaka walishuka kutoka karibu mmoja kati ya wanne hadi chini ya mmoja kati ya kumi, na wale wasiopata mafunzo hayo hawakubadilika sana. Zaidi ya nusu walisema waliutumia ujuzi huo kujiokoa. Ni majibu ya wasichana wenyewe, kwa hiyo yapokewe kwa tahadhari. Lakini jaribio la vyuo vikuu vya Kanada, lililopanga washiriki kwa bahati nasibu, nalo mwaka 2015 lilikuta waliobakwa ndani ya mwaka ni asilimia 5.2 kwa waliopata mafunzo kama hayo, dhidi ya 9.8 kwa wasioyapata. Mafunzo yenyewe yalikuwa saa 12.

Wapo watakaosema huku ni kumtwisha mwathirika mzigo wa mkosaji. Hoja hiyo ni nzito, na ingenishinda kama mafunzo yangechukua nafasi ya polisi na mahakama. Lakini binti anayetembea peke yake kwenda shule hawezi kusubiri mahakama. Wengine wanahofu tutazalisha wahuni. Mhuni hahitaji mafunzo ya saa 12. Panga analo tayari.

Saa hizo 12 zinaenea kwenye vipindi vya michezo vya muhula mmoja, bila mkeka wala sare. Kinachohitajika ni mwalimu, ikiwezekana wa kike, aliyefunzwa vizuri, na mkuu wa shule atakayekubali wasichana wapige kelele uwanjani. Wavulana nao wapewe vipindi vyao, kwani huko Nairobi baadaye walifundishwa pia, wao wakifunzwa kuheshimu ridhaa na kuingilia kati wanapoona mwenzao anamkosea msichana.