STESHENI YA BUTERE NA DHAHABU YA KAKAMEGA

Wako watu wengi, hata wazee wenye akili nzuri, wasemao kwamba reli ya kutoka Kisumu kwenda Butere ililetwa kwa ajili ya dhahabu ya Kakamega. Neno hili husemwa sokoni na hata shuleni, na kwa kuwa halina mtu wa kulipinga, limekuwa kama kweli. Juma hili yafaa tulipime, maana ndani yake mna jambo linalotuhusu hata leo.

Kwanza tutazame miaka. Gari moshi lilifika Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901, na kwa muda mrefu Kisumu ndiyo iliyokuwa mwisho wa reli. Mizigo ya Uganda ilipakiwa katika meli pale ikavuka ziwa. Baadaye Serikali ilijenga reli nyingine kutoka Nakuru, ikapita Eldoret na Tororo, ikafika Kampala mwaka 1931. Reli hiyo kubwa ilipita mbali na nchi ya Wanga, Marama na Isukha. Watu wa huku, ambao ni wengi sana na wenye kulima kwa bidii, walikuwa wakipeleka mahindi yao Kisumu kwa vichwa, kwa mikokoteni, na kwa malori machache yaliyozama katika matope wakati wa masika. Ndipo ilipojengwa reli ndogo ya kutoka Kisumu, kupita Maseno na Luanda, hadi Yala, na kutoka Yala hadi Butere katika nchi ya Marama. Urefu wake wote ni maili 43, yaani kilometa 69, nayo ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1930.

Basi dhahabu ilionekana lini? Ilikuwa mwaka 1931, ambapo Mwamerika mmoja, Bwana L. A. Johnson, aliyekuwa mkulima upande wa Turbo, alipata dhahabu katika mchanga wa mito karibu na Kakamega. Wakati huo kazi ya reli ilikuwa imekwisha kuanza. Kwa hiyo haiwezekani kuwa reli iliitwa na dhahabu. Iliitwa na mahindi, mtama na wembe la mkulima.

Lakini ni kweli kwamba dhahabu iliikuta reli na kuitumia. Miaka ile ilikuwa ya taabu duniani pote. Bei ya mazao ilianguka tangu mwaka 1929, na nzige walikuwa wamekula mashamba. Walowezi wa Uasin Gishu na Trans Nzoia walikuwa na madeni. Tena mwezi wa Septemba 1931 Uingereza iliacha kuifunga fedha yake na dhahabu, na bei ya dhahabu ikapanda. Habari za Kakamega ziliposikika, Wazungu kwa mamia walikuja, wengine wakishuka stesheni za Kisumu na Yala na wengine wakija kwa motokaa, wakiwa na mahema, sururu na karai za kuchekechea mchanga. Kakamega, ambayo Serikali ilikuwa imehamishia makao yake kutoka Mumias mnamo 1920, ikageuka ghafula kuwa mji wa maduka na mahoteli.

Hapa ndipo penye jambo lenyewe. Mwaka 1930 ilitungwa sheria ya kuilinda ardhi ya Waafrika. Sheria hiyo ilisema kwamba ardhi iliyotengwa ni yao milele, na kwamba kipande chochote kikitwaliwa kwa faida ya watu wote, sharti watolewe kipande kingine cha thamani ile ile, na Baraza lao liulizwe kwanza. Wino wake ulikuwa haujakauka vizuri. Mwezi wa Desemba 1932, baada ya dhahabu kuonekana, sheria ilirekebishwa, na kwa ardhi ya machimbo fidia ikawa ya fedha, bila kipande kingine cha ardhi, wala haikulazimu tena kuliuliza Baraza kwanza. Mzee wa Isukha aliyekuwa na shamba la baba yake akaambiwa apokee shilingi. Nani angeweza kulima shilingi?

Wako waliopiga kelele. Padre W. E. Owen, aliyekuwa Shemasi Mkuu wa Kavirondo, aliandika magazetini bila kuogopa, na jambo hilo likasemwa hata katika Bunge la Uingereza. Lakini sheria ilibaki imebadilishwa.

Sasa tuulize, dhahabu ilikaa muda gani? Ile ya mchangani, ambayo mtu mmoja aliweza kuitafuta kwa karai, ilikwisha upesi. Iliyobaki ilikuwa ndani ya mwamba mweupe chini ya ardhi, na kuifikia kulihitaji mashimo marefu, pampu za kutoa maji, mashine za kusaga mawe, dawa za kutenga dhahabu, na fedha nyingi. Wachimbaji wadogo wakafungasha mahema yao, na makampuni yakashika kazi. Kampuni kubwa kupita zote ilikuwa Rosterman, na vijana wetu wengi walishuka katika mashimo yake kutafuta fedha za kodi. Vita vilipokwisha gharama zilipanda, na mwamba wenye faida ukapungua. Mwaka 1952 Rosterman ilifungwa. Kutoka kuonekana kwa dhahabu hadi kufungwa kwa mgodi ni miaka 21, yaani umri wa kijana kuanzia kuzaliwa hata kufikia kuoa. Jina la Rosterman limebaki kuwa jina la mtaa.

Gari moshi la Butere halikukoma pamoja na mgodi. Liliendelea kwa miaka mingi kupeleka mahindi, ndizi na matenga ya kuku, na kuwachukua vijana waliokwenda kutafuta kazi Nairobi na Mombasa. Wengi walioandika barua za kwanza nyumbani waliagana na mama zao katika stesheni ile. Kweli, reli haikusogezwa mbele hata Mumias, ingawa ni karibu, na malori yalipozidi barabarani abiria na mizigo vilipungua, hata magari ya moshi yakanyamaza kabisa na nyasi zikaota kati ya vyuma. Mwaka 2021 njia ilitengenezwa upya. Lakini hesabu iko wazi. Kazi iliyojengwa juu ya jasho la shamba iliishi mara nyingi kuliko kazi iliyojengwa juu ya dhahabu.

Sisemi haya ili kuidharau dhahabu. Huko Ikolomani watu wangali wanachimba kwa mikono, na mashimo yamekwisha kuwaua baadhi yao. Tena habari za machimbo makubwa zimezuka upya katika miaka hii, na pamoja nazo swali la kuwahamisha wenyeji. Wale watakaoulizwa wana haki ya kujua yaliyowapata babu zao mwaka 1932.

Mimi ni karani, na kazi yangu ni karatasi, kwa hiyo shauri langu ni la karatasi. Kila mwenye shamba aliyeombwa kulitoa na aulize mambo matatu, na kila jibu liandikwe na kutiwa sahihi mbele ya mashahidi: ardhi nyingine nitapewa wapi, mgodi ukifungwa mashimo yatafukiwa na nani, na sheria ikibadilishwa kesho, ahadi hii itasimama juu ya nini? Nakala moja ikae kwake, na nyingine kwa ndugu yake anayekaa mbali. Wazee wa mwaka 1932 walikuwa na neno “milele” katika sheria, lakini nakala yake haikuwa mikononi mwao.