Mpaka wa Tunduma na Mawazo ya Mkoloni Juu ya Ulinzi

Mapema Novemba 1918 jeshi la Kijerumani la Paul von Lettow-Vorbeck, likiwa na askari wa Kiafrika wasiozidi 1,200, lilitoka nyanda za Mbozi, likavuka mpaka na kukishambulia kituo cha Waingereza cha Fife. Tarehe 25 mwezi huo lilisalimisha silaha Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala. Vita hivyo havikuwa vya Mwafrika, lakini mwenye kunyang'anywa chakula na vijana wake alikuwa yeye. Kwa hesabu za Waingereza wenyewe, wapagazi zaidi ya 40,000 wa upande wao walikufa katika Afrika Mashariki, wengi wao kwa maradhi wala si kwa risasi.

Ingetazamiwa kwamba mipango ya ulinzi iliyofuata vita ingeanza na watu hao. Haikuwa hivyo. Hati ya udhamini ya Shirikisho la Mataifa ya mwaka 1922, katika kifungu cha 4, ilimkataza Mwingereza kuweka kambi za kijeshi au ngome katika Tanganyika, au kuunda jeshi la wenyeji isipokuwa kwa kazi za polisi na ulinzi wa nchi yenyewe. Katazo hilo halikutokana na huruma kwa mwananchi. Wakubwa walikuwa wakichungana.

Ilipokwisha Vita Kuu ya Pili, katazo likageuzwa kuwa ruhusa. Mkataba wa Udhamini ulioidhinishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 13 Desemba 1946 ulimpa Mwingereza, katika kifungu cha 5, haki ya kujenga kambi za majeshi ya nchi kavu, maji na anga, na kuchukua hatua yoyote ambayo yeye mwenyewe angeiona ni ya lazima. Maneno hayo, "yeye mwenyewe", ndiyo yanayostahili kutafakariwa na kila mtumishi wa umma. India ilikuwa ikimponyoka, na kambi zake za Misri na Palestina hazikuwa na uhakika tena. Mwaka 1947 alianza kujenga bohari kubwa la kijeshi Mackinnon Road, Kenya, kazi ambayo hatimaye aliitelekeza. Tanganyika kwake ilikuwa ua wa nyuma wa dola lililokuwa likififia, na Tunduma ilikuwa njia tu: Barabara Kuu ya Kaskazini, iliyopitisha misafara ya majeshi kutoka kusini kwenda Kenya wakati wa vita.

Ulinzi wa namna hiyo haukukawia kuonyesha ubovu wake. Januari 1964 jeshi lililorithiwa kwa mkoloni liliasi, na serikali changa ikalazimika kuwaita askari wa Kiingereza kulizima. JWTZ iliundwa Septemba mwaka huohuo juu ya msingi mwingine kabisa. Mwaka 1965 Ian Smith alipojitangazia uhuru wa walowezi wa Rhodesia, Zambia ikabanwa, na mapipa ya mafuta yakaanza kupita Tunduma kwa malori, katika barabara ambayo wakati wa masika ilikuwa tope tupu. Likafuata bomba la TAZAMA mwaka 1968, kisha reli ya TAZARA yenye kilometa 1,860, iliyokabidhiwa mwaka 1976. Kati ya hayo, Mwongozo wa TANU wa 1971, uliotolewa baada ya Wareno kuishambulia Guinea, ulitamka kwamba ulinzi wa taifa ni kazi ya wananchi wote, nao mgambo wakafunzwa vijijini.

Tangu 2019 Tunduma na Nakonde zina kituo cha kutolea huduma kwa pamoja, na foleni za malori zimekuwa sehemu ya maisha ya mji. Wapo maofisa ambao kwao ulinzi wa mpaka huo ni vizuizi, mihuri na doria. Vyote vinahitajika. Lakini Wanyamwanga wanaishi pande zote mbili, wanaoana na kuzikana. Mkutano wa kijiji unaoitishwa ili kupokea maagizo pekee unamrudisha mwananchi huyo mahali alipowekwa mwaka 1946. Walimu wa historia wa Songwe wanaweza kuanza kwa kukisoma kifungu cha 5 darasani, kando ya Mwongozo, na kuwauliza wanafunzi ni nani aliyeulizwa maoni yake katika kila kimoja.